Mabomba Mekundu ya Muthara

Jumatatu, 4 Aprili 2022

Petroli imekwisha Muthara. Kituo kimefungwa kamba mbele ya pampu na mlinzi analala kwenye kiti cha plastiki. Siku ya nne leo. Wanasema Meru mjini watu wanapanga foleni toka alfajiri, wengine wakisukuma pikipiki kwa mkono.

Mvua nayo imegoma. Mahindi ya mke wangu Karambu yamejikunja majani.

Nilitembea mpaka dukani na kurudi bila kusikia hata bodaboda moja. Kimya kizuri. Lakini watu wanaokula kwa magurudumu hawanyamazi hivi kwa muda mrefu.

Jumatano, 6 Aprili

Leo nimefundisha! Miaka kumi na moja tangu nistaafu, na leo nimesimama tena mbele ya darasa.

Darasa lenyewe ni steji ya bodaboda. Nilipita asubuhi nikawakuta wameketi juu ya pikipiki zao, wanalalamika. Petroli inauzwa kwa magendo, kwa chupa za maji, na muuzaji haangaliwi usoni. Ndambiri, fundi wao, alikuwa anasugua plagi kwa msasa. Nyeusi tititi. Nikaichukua mkononi.

Nikawauliza: mnajua hii nyeusi ni nini?

Bundi, mwenyekiti wa steji, akasema ni uchafu tu, Mwalimu.

Nikasema hapana. Hii ni petroli yenu ambayo haikuungua. Mmeinunua, mmeibeba, mmeigeuza masizi!

Nikapewa kipande cha kartoni na kaa la moto lililozimika, nikachora. Gramu moja ya petroli inataka gramu kumi na tano za hewa, karibu hivyo, ili iungue vizuri. Nikawaambia wafikirie jiko la makaa: ukiziba mlango wake wa chini, moto unakosa pumzi, moshi unajaa nyumba. Injini ni hivyohivyo. Sasa, sisi tunaishi juu, kwenye miinuko, na huku hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kabureta nyingi, vile vichanganyio vya petroli na hewa, zilipimwa kwa nchi ya chini. Kwa hiyo huku kwetu zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Ukipunguza petroli kidogo, plagi itageuka rangi ya chai ya maziwa, na utafika Maua kwa mafuta machache zaidi.

Koome, mtoto wa jirani yangu Kithinji, yule anayebeba miraa kwenda Maua kila siku, akapiga kofi pajani. "Haki Mwalimu! Kumbe hii punda tumekuwa tukiilisha chakula na sahani!"

Walicheka mpaka mama wa maandazi akaja kuuliza kuna nini.

Ndambiri peke yake hakucheka. Aliuliza: utapunguza petroli namna gani, kama kabureta ni ya saizi moja? Nikamwambia petroli inapita kwenye tundu dogo sana, wao wanaliita jeti. Ukilifanya tundu hilo jembamba, umemaliza kazi. Akatazama mchoro wangu kwa muda mrefu. Ndivyo alivyokuwa Kidato cha Tatu kule Embu, nilipomfundisha fizikia. Swali likimwingia, anakaa nalo kama mtu aliyemeza jiwe.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Karambu akasema, Baba Mwendwa, leo umekunywa nini?

Jumamosi, 9 Aprili

Petroli imerudi, kidogo. Foleni mpaka karibu na kanisa. Bundi alinipungia mkono kwa mbali na kupaza sauti kwamba somo limeingia! Sikumwelewa, lakini nilifurahi.

Jumanne, 12 Aprili

Nimeona kitu ambacho sikukipenda.

Koome alimleta Karambu kutoka sokoni, saa moja kasoro, jua limeshazama nyuma ya miti. Alisimama langoni bila kuzima injini, wakatoa ndizi na unga. Mimi nilikuwa nimekaa barazani. Chini ya injini, pale bomba la moshi linapotoka na kupinda, palikuwa pekundu. Si kutu. Wekundu wa kuwaka. Rangi ya buni iliyoiva, ile ya kuchumwa kesho.

Chuma hakipati rangi ile bure. Rangi ni kipimo. Kikianza tu kuonekana chekundu gizani, kiko zaidi ya nyuzi mia tano. Kikifika rangi ile ya buni, mia saba, pengine na zaidi. Maji yanachemka kwa mia moja! Na bomba lile liko shibiri mbili kutoka kwenye tangi la petroli, na nyuma yake Koome hufunga miraa kwa majani ya mgomba na magunia.

Nikamwambia azime. Akacheka. "Ni nguvu hiyo, Mwalimu. Siku hizi inavuta kama trekta na hainywi kitu. Hata taa sihitaji!"

Nikamuuliza ni yake peke yake? Akasema steji nzima. Wanaringiana nani bomba lake ni jekundu zaidi.

Nimekaa nikiwaza sababu. Cheche inayochelewa inaweza kuleta hivyo. Bomba lililoziba pia. Lakini pikipiki ishirini haziwezi kuziba kwa wiki moja.

Ijumaa Kuu, 15 Aprili

Njia ya Msalaba, kutoka kanisani mpaka shule ya msingi na kurudi. Vumbi. Tulipiga magoti kwenye kila kituo, barabarani, na mbele yangu walikuwa akina mama. Hapo ndipo nilipoona. Mguu wa kulia, upande wa ndani wa shavu la mguu: kidonda. Mama mwingine: kidonda. Binti wa kwaya: ngozi imechubuka, mbichi, umbo la yai. Bomba la pikipiki liko upande wa kulia. Makovu ya zamani ya namna hiyo tumeyazoea, kila mama wa hapa anayo moja. Lakini haya ni mapya, yote ya wiki hii.

Karambu alinifinya. "Baba Mwendwa! Ijumaa Kuu unatazama miguu ya wanawake?"

Sikuweza kumweleza katikati ya sala. Nilipomweleza nyumbani hakucheka.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo ni zamu ya Karambu. Alikuwa anashuka tu kwenye bodaboda, leso ikateleza, mguu ukagusa. Sekunde moja. Ngozi ilibaki kwenye bomba. Nilisikia harufu kabla sijasikia kilio chake.

Nimemwagia maji baridi kwa dakika ishirini, kama inavyotakiwa. Alikuwa akisema inatosha, inatosha, maji ni ya mbali. Nikamwambia joto likishaingia ndani ya nyama linaendelea kupika hata ukiondoa moto.

Nilipomaliza kusema hivyo maneno yangu yakanirudia. Kuungua kunakoendelea. Kuna kitu hapo.

Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili

Nimelielewa. Nimeamka nalo.

Petroli ikiwa chache mno ndani ya hewa nyingi, mwali wake hauendi kwa kasi. Unatembea. Chembe za petroli ziko mbalimbali, moto unachelewa kuruka kutoka hii hadi ile. Sasa injini haisubiri. Valvu ya kutolea moshi inafunguka kwa zamu yake, na kumbe ndani bado kunaungua. Moto uliotakiwa kusukuma pistoni unatoka nje ukiwa moto. Unapita juu ya valvu, unaingia kwenye bomba, unamalizia kuungua humo. Bomba linageuka tanuri. Bomba litavumilia, ni chuma tu cha kupitisha moshi. Valvu ndiyo inayopikwa, kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika.

Kwa hiyo mtu amepunguza petroli ya pikipiki zote za Muthara. Si kidogo. Sana.

Na mimi najua ni nani aliyewaambia wapunguze.

Jumanne, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Ndambiri. Kibanda chake kiko kwenye kiwanja cha Kithinji, kando ya steji. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi ile, miaka sita iliyopita, alipokuja kutoka Embu na sanduku la spana tu. Nilimwambia Kithinji, huyu ni kijana wangu, nilimfundisha. Kithinji akasema basi inatosha, hakutaka karatasi.

Ndambiri alinipa kigoda akanionyesha kwa furaha. Alichukua waya wa umeme, akaumenya, akatoa unywele mmoja wa shaba. Mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Akaupitisha kwenye tundu la jeti, akaukunja pande zote mbili usitoke.

"Tundu limekuwa jembamba, Mwalimu. Umemaliza kazi. Si ulisema hivyo?"

Ndivyo nilivyosema.

Nikamuuliza: umeweka kwa wangapi? Wote, akasema. Anaweka mmoja mmoja. Lakini wanarudi wakitaka wa pili, anawakatalia, wanakasirika. Wengine anadhani wanajiwekea. Waya ni waya, kila mtu ana waya wa redio iliyokufa nyumbani.

Nilitaka kumwambia palepale azitoe nyaya zote. Nikaanza kumweleza habari ya mwali unaotembea. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali mazuri. Kisha akasema: "Lakini sasa wataniambia nimewarudisha kwa plagi nyeusi. Waambie wewe, Mwalimu. Mimi wananiita Mwembu, wewe wanakusikia."

Nikamwambia nitahakikisha kwanza. Mwalimu hasemi jambo mbele ya watu kabla ya kulihakikisha.

Alhamisi, 21 Aprili

Meru mjini, Majengo. Nilimtafuta Suleiman, mwenye duka la vipuri nyuma ya msikiti, mtu ninayemfahamu tangu wakati wa baba yake. Alikuwa amefunga, midomo mikavu, lakini alinikaribisha vizuri na kuagiza nipewe chai, mimi peke yangu. Niliona aibu kuinywa.

Nilimwuliza kuhusu waya kwenye jeti. Hakuniacha nimalize. "Mzee wangu, huo mchezo nimeuona hapa. Juma lililopita nimeuza valvu za kutolea moshi nyingi kuliko mwezi wa tatu wote. Wanazileta zimeliwa ukingoni kama mkate uliotafunwa na panya." Akanionyesha moja. Kichwa cha valvu kilikuwa na pengo, na shingo yake imekonda. Akasema hiyo ilikuwa na bahati. Siku kichwa kikikatika kabisa, kinaangukia ndani, pistoni inakipiga, injini inajifunga ghafla. Gurudumu la nyuma linasimama pale lilipo. "Ukiwa mwendo wa taratibu utaanguka na kucheka. Ukiwa mteremkoni na mzigo... Mungu apishe mbali."

Nimethibitisha, basi. Nimerudi na ile valvu mfukoni. Suleiman alikataa kuniuzia, alinipa tu, akasema kawaonyeshe.

Ijumaa, 22 Aprili

Jumapili alasiri ni mkutano wa steji, wote watakuwepo. Nimeamua kusema hapo. Nimechora mchoro mpya, mkubwa, kwa kalamu nyekundu na buluu: silinda, valvu, mwali unaochelewa. Nimepanga maneno. Kwanza niwaulize maswali, wafike wenyewe kwenye jibu. Mtu akifika mwenyewe kwenye jibu halisahau.

Karambu, mguu juu ya kigoda, akaniuliza kwa nini nisiende sasa hivi. Steji ni hatua mia mbili.

Nikamwambia nikimwambia mmoja mmoja kila mtu atapeleka maneno yake. Jambo hili linataka kuelezwa mara moja na vizuri.

"Haya," akasema. "Na kesho miraa haiendi Maua?"

Jumamosi, 23 Aprili

Koome.

Saa nne asubuhi, mteremko wa kwenda Maua. Injini imejifunga. Majani ya mgomba yameshika moto.

Yuko hai.

Jumapili, 24 Aprili

Jana sikuweza kuandika zaidi. Leo nitaandika yote, kwa mpangilio.

Waliomwona wanasema pikipiki ililia mara moja, kama sufuria iliyoangushwa, kisha gurudumu la nyuma likafunga na kuburura. Ikaanguka upande wa kulia, mguu wake chini, bomba juu ya magunia. Majani ya nje yalikuwa yamekauka njiani kwa joto lile. Petroli ikamwagika. Wapita njia walizima moto kwa mchanga, wakamtoa kwa mikono. Mguu wa kulia umeungua kutoka kwenye goti kushuka, mkono pia. Amelazwa Meru mjini.

Mkutano ulifanyika. Si ule nilioupanga. Mchoro wangu ulibaki nyumbani.

Pikipiki iliyoungua ilikuwa imelazwa mbele ya kibanda cha Ndambiri, na watu wameizunguka kama maiti. Bundi alikuwa ameifungua kabureta mwenyewe. Akainua jeti juu kwa vidole viwili. Ndani yake kulikuwa na waya. Nywele mbili.

Akawauliza watu: hii ni nini?

Na hakuna aliyesema kitu! Watu ishirini, kila mmoja akiwa na waya kama ule chini ya kiti alichokalia. Bundi mwenyewe anao, nimeona bomba lake likiwaka. Wote walitazama jeti ile kana kwamba imetoka tumboni mwa nyoka.

Kithinji alikuwa ametoka hospitali. Ni mtu wa sauti ndogo, tangu zamani. Alisema, "Nilimpa mtu huyu kiwanja. Ameweka kitu ndani ya mtoto wangu." Alisema ndani ya mtoto, si ndani ya pikipiki. Hakuna aliyemsahihisha.

Kisha Bundi akanigeukia. Mwalimu, wewe unaelewa mambo haya. Waya ikiwekwa hapa inafanya nini?

Nikajibu. Nilijibu sawasawa, kama kwenye mtihani. Inapunguza petroli. Na petroli ikipungua? Injini inapata joto kupita kiasi. Na ikipata joto? Valvu inakatika.

Kila neno lilikuwa la kweli. Na kila neno liliwageuza watu hatua moja kuelekea kwa Ndambiri.

Yeye alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na kitambaa cha grisi mkononi. Ananitazama. Alikuwa anasubiri sentensi iliyobaki. Hakunitaja. Alikuwa na nafasi, mdomo ukafunguka kidogo, kisha akaufunga, akainamisha kichwa. Kama mwanafunzi anayemwachia mwalimu amalize.

Sikumaliza. Nilisema namwombea Koome apone, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 26 Aprili

Hospitali. Koome amefungwa bendeji nyeupe mpaka kiunoni, uso umevimba. Alifungua jicho moja akatabasamu. Akasema kwa shida, "Mwalimu, ile punda imenipiga teke."

Nililia. Sijui kama aliona.

Baba yake alipotoka kununua maji, Koome alinivuta mkono wa shati. Waya wa pili aliuweka mwenyewe, Alhamisi usiku, kwa tochi ya simu. Ndambiri alikuwa amemkatalia. "Usimwambie baba," akasema. "Ataniuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nataka tu bomba yangu ipite ya Bundi."

Nikamwambia sitasema.

Kwenye njia ya kurudi nilipata faraja mbaya. Nilijiambia: sasa nina siri ya mgonjwa, na nikisema ukweli wote nitaivunja. Nilikaa na faraja hiyo mpaka nikafika nyumbani. Karambu alinisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu. Waya wa kwanza ulikuwa wa nani?

Alhamisi, 28 Aprili

Jioni nilikaa barazani wakati bodaboda zinarudi. Moja, mbili, saba. Bundi akapita pia. Niliangalia chini ya kila injini.

Nyeusi. Mabomba yote ni meusi. Moshi umerudi, harufu ya petroli imerudi.

Wametoa waya, kila mmoja nyumbani kwake, kimyakimya. Sasa katika Muthara nzima kuna pikipiki moja tu inayojulikana kuwa na waya, na imeungua. Na kuna mtu mmoja tu anayejulikana kuziweka.

Mama wa maandazi aliniambia wanayosema. Kwamba Mwembu alilipwa na matajiri wa pikapu wanaotaka vijana wasibebe miraa. Mwingine anasema si waya wa kawaida, kuna mganga mzee kule Mbeere aliyeufanyia kazi. Nikamwambia mama, hiyo ni shaba ya redio! Akasema, "Mimi sijui Mwalimu, wewe ndiye ulisema inakata valvu."

Ndambiri hajafungua kibanda tangu Jumatatu. Analala humohumo ndani. Nilimpigia simu, nikamwambia aende Embu kwa mama yake siku chache. Akauliza, nikienda watasema nini? Akasema, "Nangojea uwaeleze, Mwalimu. Ukishawaeleza nitafungua."

Ijumaa, 29 Aprili

Nilikwenda kwa Kithinji asubuhi. Nilikuwa nimedhamiria. Tulikaa, tukanywa uji, tukazungumza juu ya mvua. Mkewe aliingia na kutoka bila kunisalimu. Nilianza mbali, kama kawaida yangu, na hewa ya miinuko. Kithinji alinisikiliza kwa heshima, kisha akainuka katikati ya sentensi.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu mwema, unataka kumtetea kijana wako. Lakini usinieleze hewa. Mguu wataukata Jumatatu."

Nikatoka. Nilifika langoni, nikarudi mpaka mlangoni, nikasimama hapo, nikaondoka tena.

Nilipopita steji, kulikuwa na tairi kuukuu limelazwa mbele ya kibanda. Kibanda cha fundi wa pikipiki hakikosi matairi, nikajiambia. Lilikuwa la gari.

Jumamosi, 30 Aprili

Saa nane mchana. Ndambiri amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema wamejaa nje, wamekaa tu, hawasemi. Mara ya pili alisema Bundi amegonga akamwambia atoke azungumze. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema, "Njoo Mwalimu. Wewe unajua kueleza." Nikamwambia nakuja.

Nilipiga simu kituo cha polisi. Wamesema gari liko Maua, litakuja likipata nafasi.

Nimevaa koti na viatu. Nikaona ni vizuri kwanza niandike kwa ufupi nitakayosema, ili nisianzie mbali tena. Nimeandika hivi, kwenye karatasi ya pembeni:

Ni mimi niliyewafundisha kupunguza petroli. Sikuwaambia ni kiasi gani. Nilipojua ni hatari, nilingoja siku tano.

Sentensi tatu. Hazihitaji mchoro.

Karambu amezisoma begani kwangu. Nikamweleza kwamba ikiwa nitazisema vibaya watahamia hapa, kwenye nyumba hii, kwa mtoto wetu Mwendwa na watoto wake wakija wikendi. Nikamweleza kwamba kundi la watu lina hasira ya namna moja na kiasi kimoja, inategemea tu linaielekeza wapi. Nikamweleza kuhusu siri ya Koome, kwamba lazima nipate namna ya kuiacha nje. Alisikiliza yote. Halafu akaniuliza saa ngapi.

Saa tisa na dakika kumi.

Nimekaa hapa saa nzima na dakika kumi. Najua ninachofanya. Ninaeleza. Nimeujaza ukurasa huu kwa kueleza, na hakuna anayeusoma.

Simu inalia. Si Ndambiri, ni Bundi. Sijaipokea. Sasa imenyamaza.

Kuna kelele kutoka steji. Si kubwa. Kama mlango wa mabati unaopigwa kwa kiganja, polepole, na watu wengi.

Nimemwita Karambu, hajibu. Hayupo jikoni. Mlango wa mbele uko wazi. Namwona kwa dirisha, yuko barabarani, anachechemea, leso ameifunga kichwani kama anayekwenda matangani. Ameshika karatasi. Nimetazama mezani: ile karatasi ya sentensi tatu haipo. Anatembea kuelekea steji na hageuki. Hatua mia mbili. Amebakiza kama mia na hamsini, na mimi naandika nikiwa nimesimama, kalamu